Siti kwanza, usukani baadaye

Swali: Nilinunua baiskeli iliyotumika, ya usukani ulionyooka. Naiendesha kwenda kazini dakika 40 na kurudi dakika 40. Kila ikifika robo saa, kidole kidogo na cha pete vinakufa ganzi, mikono yote miwili. Jioni magoti yanauma kwa mbele. Niliona usukani uko mbali, nikaisogeza siti mbele mpaka mwisho, nikainamisha na pua yake ili nisibanwe. Mikono ndiyo imezidi. Fundi mmoja anasema ninunue stemu fupi (ile shingo inayoushika usukani), mwingine anasema baiskeli ni kubwa kwangu, niiuze. Nina urefu wa sentimita 172, na nikikaa kwenye siti nyayo zote mbili zinafika chini vizuri.

Jibu: Stemu usinunue bado, wala baiskeli usiiuze. Unasema usukani uko mbali, lakini mbali kutoka wapi? Usukani hupimwa kuanzia kwenye siti, na siti yako kwa sasa ina makosa matatu kwa pamoja: iko chini (nyayo zote mbili kukanyaga ardhi ukiwa umekaa ni ushahidi tosha), iko mbele mno, na imeinama. Utaratibu wa kazi hii ni mmoja na haugeuzwi. Siti hupangwa kwa kufuata pedeli, kisha usukani hupangwa kwa kufuata siti. Anayeisogeza siti ili aufikie usukani anakopa kwenye magoti ili ailipe mikono, na deni la mikono halipungui.

Hilo la mikono huwashangaza wengi, maana ukifikiri harakaharaka utaona kuwa ukiusogelea usukani mikono itapumzika. Jaribu hivi: simama visigino na makalio vikiwa vimegusa ukuta, kisha inama uguse vidole vya miguu. Utaanguka mbele, kwa sababu ukuta umeyazuia makalio kurudi nyuma ili yasawazishe uzito wa kichwa na kifua. Siti iliyosogezwa mbele mno inakufanyia vilevile. Makalio yako karibu sana juu ya pedeli, kifua kinaning'inia mbele yake, na kitu pekee kinachokuzuia usianguke ni viganja. Ongeza pua iliyoinama: kila ukikanyaga unateleza kidogo kuelekea usukani, na kila mara mikono inakusukuma urudi. Kwa dakika 40 hiyo ni kazi kubwa, lakini wewe hutambui kuwa ni kazi. Unaona ganzi tu.

Vidole ulivyovitaja vinaeleza mengi. Neva inayohudumia kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete hupita kwenye kitako cha kiganja, upande wa nje, mahali penye nyama kidogo, na hapo ndipo unapoegemea. Ungetaja gumba, cha shahada na cha kati, ningeanza kutilia shaka kifundo cha mkono kilichokunjwa kwenda juu kwa sababu ya breki zilizokaa vibaya. Ama magoti, siti ikiwa chini na mbele, goti hukunjwa kupita kiasi kila pedeli inapofika juu, na pia ya goti inagandamizwa kwenye mfupa wa paja wakati uleule misuli inapovuta kwa nguvu. Maumivu ya mbele ya goti mara nyingi huanzia hapo. Yakiwa nyuma ya goti, kisa huwa kinyume: siti iko juu mno, au imerudi nyuma mno.

Kabla ya kulegeza chochote

Utahitaji alenki (zile spana ndogo zilizopinda kama herufi L) za milimita 4, 5 na 6, spana ya 13 na ya 14 kama baiskeli ni ya mtindo wa zamani, futi ya kupimia, uzi wenye nati mwishoni kwa ajili ya timazi, kitabu chenye jalada gumu, na selotepu. Jaza upepo tairi zote mbili. Vaa viatu vya kila siku, kwa kuwa soli nene na soli nyembamba zinaweza kupishana sentimita nzima, na sentimita nzima kwenye siti ni nyingi.

Pima na uandike mambo matatu: kutoka katikati ya ekseli kubwa inayobeba mikono ya pedeli hadi juu ya siti, ukifuata mwelekeo wa bomba la fremu, kutoka pua ya siti hadi katikati ya usukani, na kimo cha usukani kutoka ardhini. Zungushia selotepu nguzo ya siti pale inapoingilia kwenye fremu. Bila alama hizo, ukikosea hutaweza kurudi ulikotoka, na utajikuta unatafuta upya kitu ulichokuwa nacho.

Usawa wa siti

Anza na usawa, kwa sababu ukiubadilisha baadaye kimo nacho kitabadilika. Simamisha baiskeli mahali palipo sawa, lazia kitabu juu ya siti kutoka nyuma hadi puani, weka pima maji juu yake au simu yenye programu ya kupimia usawa. Anzia sifuri. Baadaye, kama bado unabanwa kwenye msamba, shusha pua digrii 1 au 2. Ukipita 3 utaanza kuteleza, na umeshaona unakoishia. Pua iliyoinuliwa nayo ni mbaya zaidi, kwani inakandamiza neva na mishipa ya damu ya msamba. Ganzi ya sehemu hizo si jambo la kuvumilia.

Siti za zamani hushikwa na kibano chenye nati pande mbili na visahani vyenye meno. Legeza nati zote mbili mpaka meno yaachane kabisa, ndipo uinamishe au uinue. Kosa linalorudiwa sana ni kukaza meno ya upande mmoja yakiwa yamepanda juu ya vilele vya meno ya upande wa pili. Inaonekana imeshika. Kisha unapita kwenye shimo la kwanza, siti inaanguka pua juu. Kwa hiyo ukikaza, tikisa siti kidogo huku nati zikibana ili meno yazame yenyewe kwenye nafasi zake. Kama meno yameshalika, usipoteze nguvu kukaza zaidi, badilisha kibano.

Nguzo za kisasa zina bolti moja chini ya siti, au mbili, ya mbele na ya nyuma. Kwenye zile za bolti mbili, kushusha pua ni kulegeza ya nyuma nusu mzunguko na kukaza ya mbele kwa kiasi kilekile. Kuinua ni kinyume chake. Aina hii ndiyo nzuri kwa anayetaka kurekebisha kwa vipimo vidogo, na haibadilishi mahali ilipokuwa kila unapoigusa.

Kimo cha siti

Iegemeze baiskeli ukutani, kaa, weka kisigino juu ya pedeli na uzungushe kinyumenyume mpaka pedeli ifike chini kabisa. Goti linatakiwa linyooke kabisa, kisigino kikiwa bado kimegusa pedeli, na nyonga zisiinamie upande. Goti likibaki limekunjika, inua siti. Kisigino kikiachana na pedeli, ishushe. Ukishapata kimo hicho, weka mguu mahali pake pa kawaida, ile sehemu pana ya unyayo iliyo nyuma ya vidole ikiwa juu ya ekseli ya pedeli, na goti lenyewe litabaki na mkunjo wa digrii 25 hadi 35 pedeli ikiwa chini. Hicho ndicho unachokitafuta.

Kwa kuhakikisha, kuna hesabu. Simama bila viatu, mgongo ukutani, bana kitabu katikati ya miguu ukikivuta juu kwa nguvu kiasi cha siti inavyokusukuma, weka alama ukutani kwenye ukingo wa juu wa kitabu, pima hadi sakafuni. Zidisha kwa 0.883. Jibu ni umbali kutoka katikati ya ekseli kubwa hadi juu ya siti. Aliyepima sentimita 80 anapata 70.6. Kanuni hii ilienezwa miaka ya 1980 na Greg LeMond, bingwa wa mbio za baiskeli wa Marekani, na asili yake ni waendeshaji wa mashindano waliovaa viatu vya soli nyembamba. Kwa hiyo usishangae ikipishana na kipimo cha kisigino kwa sentimita moja. Ikipishana kwa tatu, umepima vibaya mahali fulani.

Mwamuzi wa mwisho ni nyonga. Mwombe mtu akurekodi kwa simu kutoka nyuma ukiwa unaendesha kwa mwendo wa kawaida. Mshipi wa suruali ukipanda na kushuka kushoto na kulia kama mizani, siti iko juu. Ishushe milimita 5 na urekodi tena. Kunyoosha vidole vya miguu ili kuifikia pedeli ni dalili ileile.

Sasa jambo linalowafanya watu wengi wakae chini miaka yote: miguu kufika ardhini. Kwa baiskeli nyingi, siti iliyo kwenye kimo sahihi itakuruhusu kugusa chini kwa ncha za vidole tu, pengine za mguu mmoja baada ya kuinamisha baiskeli. Hilo si kasoro. Kusimama hakufanyiki ukiwa umekaa. Shika breki, hamishia uzito kwenye pedeli iliyo chini, telezesha makalio mbele ya siti na ukanyage ardhi kwa mguu wa pili. Kuondoka ni hivyohivyo kinyume: pedeli moja ipandishe juu kidogo mbele, ikanyage, na wakati baiskeli inaanza kwenda ndipo unapanda sitini. Zoezi hili lifanye uwanjani usio na magari mpaka mwili uzoee. Mpaka hapo hakuna ubaya kuacha siti sentimita 1 au 2 chini ya kipimo.

Katika hali yako nakadiria siti itapanda sentimita kadhaa. Usiipandishe zote siku moja. Misuli ya nyuma ya paja na ile ya nyuma ya mguu imezoea urefu mfupi, ukiirefusha ghafla utahamisha maumivu kutoka mbele ya goti kwenda nyuma. Ongeza milimita 5 hadi 10, endesha siku tatu au nne, ongeza tena.

Ukivuta nguzo juu, angalia mstari au maandishi ya kikomo yaliyochongwa juu yake. Yasionekane nje ya fremu, hata kidogo. Kama yamefutika, hakikisha angalau sentimita 10 za nguzo zimebaki ndani, na kwamba ncha yake imepita chini ya mahali bomba la juu la fremu linapounganika. Nguzo fupi hugeuka wenzo, na wenzo huo hupasua fremu pale kwenye kiungo. Haipasuki siku hiyo. Ufa huanza mdogo chini ya rangi, kisha unakua.

Nguzo ya chuma au alumini ipake grisi nyembamba kabla ya kuirudisha, la sivyo itashikana na fremu kwa kutu na siku moja haitatoka. Nguzo ya nyuzi za kaboni haipakwi grisi ya kawaida. Ina dawa yake maalumu yenye chembechembe. Nguzo ikizama kila siku ingawa umekaza, mara nyingi saizi si yake. Zinapishana kwa milimita 0.2 tu, nambari imechongwa upande wa chini, na 27.0 ndani ya fremu ya 27.2 haitashika vizuri. Ule ufundi wa kuzungushia kipande cha kopo ni wa kukufikisha nyumbani. Pete ya kubana nayo isikazwe kwa hasira: nyingi zinataka nyutoni-mita (kipimo cha nguvu ya kukaza) 5 hadi 6, na kama huna spana ya kupimia, shika alenki karibu na pembe yake badala ya mwishoni, hapo utajizuia mwenyewe.

Mbele na nyuma

Rudisha siti katikati ya reli zake, vile vyuma viwili vilivyo chini yake. Kaa, zungusha pedeli mpaka mikono yake ilale sawa na ardhi, mguu mmoja mbele. Shusha timazi kutoka kwenye kile kinundu cha mfupa kilicho chini kidogo ya pia ya goti la mbele. Uzi ukipita kwenye ekseli ya pedeli, au sentimita moja nyuma yake, umefika mahali pazuri pa kuanzia.

Nasema pa kuanzia kwa sababu kuna mafundi wanaoushika uzi huo kama sheria. Hakuna nguvu ya asili inayolitaka goti liwe juu ya ekseli. Ni makubaliano tu yanayowafaa watu wengi. Kipimo chenye maana zaidi ni cha mizani ya mwili. Ukiwa mahali tambarare pasipo na magari, endesha kwa kukanyaga kiasi, kisha legeza viganja mpaka viguse mpini bila kuuegemea, mgongo ukiwa vilevile. Ukijikuta unaporomoka mbele, au unalazimika kuinuka, rudisha siti nyuma milimita 5 na ujaribu tena. Ukiweza kubaki hivyo kwa mizunguko michache ya pedeli, mikono yako imeacha kuwa nguzo ya kifua.

Kila ukirudisha siti nyuma sentimita 1, umeiweka mbali zaidi na pedeli kwa milimita 3 hivi, kwa sababu bomba la fremu limelala. Ishushe kiasi hicho. Ukiisogeza mbele, ipandishe. Watu husahau hili, wanarekebisha kimoja na kuharibu kingine, halafu wanashangaa maumivu yamehama. Angalia pia kibano kisishike reli pale zinapoanza kupinda, hapo huvunjika. Na pua itazame mbele moja kwa moja. Isimamie nyuma, ilinganishe na bomba la juu la fremu kwa jicho moja.

Hapo simama. Endesha wiki moja bila kugusa usukani. Inawezekana kabisa ganzi ikapungua kwa hatua hizi peke yake.

Usukani

Kwa safari za kazini, anza na usukani ulio sawa na siti kwa kimo, au sentimita 2 hadi 3 juu yake. Pima vyote kutoka ardhini. Kumbuka kwamba siti yako imepanda, kwa hiyo usukani uliokuwa juu sasa huenda uko chini bila kuguswa. Usiupandishe bila kiasi pia. Mgongo ukisimama wima kabisa, uzito wote unaishia makalioni, kila tuta linapiga uti wa mgongo moja kwa moja, na gurudumu la mbele linakuwa jepesi ukipanda mlima.

Namna ya kuupandisha inategemea stemu.

Stemu ya zamani huzama ndani ya bomba la foki (ule uma unaoshika gurudumu la mbele) na ina bolti moja juu. Legeza bolti hiyo mizunguko mitatu au minne, usiitoe. Itainuka. Weka kipande cha ubao juu yake na uigonge mara moja kwa nyundo. Chini ndani kuna kabari, na pigo hilo ndilo linaloiachisha. Wengi huruka hatua hii, wanavuta usukani nusu saa wakidhani umeshikana na kutu. Bana gurudumu la mbele katikati ya magoti, zungusha usukani kushoto na kulia huku ukivuta. Ukiinuka, paka grisi sehemu inayozama, weka kimo unachotaka, na mstari wa kikomo ubaki ndani. Kisha kaza mpaka usukani usigeuke kirahisi ukiwa umebana gurudumu kwa magoti. Zaidi ya hapo unavimbisha bomba la foki kutoka ndani. Kama baiskeli ina breki za vyuma badala ya waya, legeza kwanza kiungo cha chuma cha breki ya mbele na ukipange upya baada ya usukani kupanda, la sivyo breki itabaki imeshika au haitashika kabisa.

Stemu ya kisasa hushika bomba la foki kwa nje, kwa bolti mbili za pembeni, na juu kuna kifuniko chenye bolti yake. Chini ya stemu huwa kuna pete za nafasi, na kimo hubadilishwa kwa kuzihamisha juu au chini. Kabla ya kulegeza, jua kwamba stemu ikitoka hakuna kinachoishika foki: itateleza chini na beringi zake zitamwagika. Acha gurudumu limekanyaga chini wakati wote. Toa bolti ya kifuniko, legeza bolti za pembeni, vua stemu, hamisha pete, rudisha. Kupandisha ni kutoa pete zilizo juu ya stemu na kuziweka chini yake. Ukishusha, pete ulizotoa chini zirudi juu ya stemu, maana ncha ya bomba la foki inatakiwa ibaki milimita 3 hivi chini ya ukingo wa pete ya juu, au wa stemu kama juu yake hakuna pete. Bila nafasi hiyo kifuniko kitagonga bomba na hakitabana kitu.

Sasa mpangilio wa kukaza. Bolti ya kifuniko haishiki usukani. Kazi yake ni kuondoa chezacheza ya beringi, basi. Ikaze kidogokidogo, shika breki ya mbele, sukuma baiskeli mbele na nyuma huku vidole vikiwa vimegusa mahali foki inapoingilia kwenye fremu. Ukihisi chuma kikigonga, ongeza robo mzunguko. Ukiinua gurudumu la mbele, usukani ugeuke wenyewe bila kukwama. Ikifika hapo, nyoosha stemu na gurudumu, ndipo ukaze bolti za pembeni kwa kupokezana, kila moja kidogo, hadi kipimo kilichochongwa juu yake, mara nyingi nyutoni-mita 5. Anayeanza na bolti za pembeni kisha akakaza kifuniko hafanyi lolote isipokuwa kuvua meno ya bolti.

Pete zikiisha, stemu nyingi zinaweza kugeuzwa juu chini. Ile ya milimita 100 yenye pembe ya digrii 6 ikigeuzwa kutoka kuelekea chini kwenda juu, usukani hupanda kama sentimita 2 na husogea karibu milimita 6 hivi, bure kabisa. Kabla ya kwenda kununua chochote, angalia yako imetazama wapi.

Kila ukipandisha usukani, ugeuze mpaka mwisho kushoto na kulia uangalie waya. Waya ukivutika na breki ikajishika yenyewe, ni mfupi; badilisha waya na ala yake, usiulazimishe.

Umbali, na vidole vyako

Sasa ndipo swali la stemu fupi linapojibika. Ukiwa umeshika mpini, viwiko viwe vimekunjika kidogo, mabega yawe mbali na masikio, na uweze kupepesa vidole juu ya mpini bila mwili kusogea. Viwiko vikinyooka na kujifunga, usukani uko mbali au chini. Ukigusa magoti kwa viwiko wakati wa kugeuka, uko karibu. Ile desturi ya kuweka kiwiko kwenye pua ya siti na kuona kama vidole vinafika usukani iache. Urefu wa mkono wa chini hauelezi chochote kuhusu urefu wa kiwiliwili.

Ikithibitika bado uko mbali, punguza stemu kwa milimita 10 au 20, yaani kutoka 100 hadi 90 au 80. Hakikisha kipenyo cha pale inaposhika usukani kinalingana: 25.4 na 31.8 haziingiliani. Ukijikuta unahitaji chini ya 60 kwenye baiskeli iliyotengenezwa kwa stemu ya 100, huku siti iko mahali pake, hapo yule fundi wa pili alikuwa na haki: fremu ni ndefu kwako.

Lakini kabla ya kufika huko, tazama breki na mipini, maana kwa kidole kidogo na cha pete mara nyingi ndipo penye jibu. Legeza bolti ya kila breki kidogo na uizungushe mpaka mkono, kifundo cha mkono na vidole vilivyo juu ya breki vifuate mstari mmoja ulionyooka. Kwa kawaida breki hutazama chini digrii 30 hadi 45. Isogeze pia ndani au nje ili kidole kimoja au viwili viangukie mwishoni mwa breki, penye nguvu. Mipini nyembamba ya duara huubonyeza uzito wote kwenye mstari mmoja wa kiganja. Ile yenye bawa pana upande wa nje huusambaza, ilimradi bawa lilale sambamba na kiganja. Likiinuka juu linaipiga neva ileile unayojaribu kuiokoa. Usukani mpana kupita mabega sana nao hunyoosha viwiko, hivyo jaribu kusogeza mipini na breki ndani sentimita 1 kila upande kwa siku chache kabla ya kufikiria msumeno.

Siti yenyewe nimeiacha mwisho kwa sababu watu huikimbilia kwanza. Laini sana si faraja. Mifupa miwili ya kukalia inazama, na sifongo inapanda katikati kubana msamba. Unachohitaji ni upana unaoibeba mifupa hiyo, na kadiri unavyokaa wima ndivyo upana unavyotakiwa kuongezeka. Kama maumivu yako ni ya mifupa ya makalio na yanapungua baada ya wiki mbili, ni mazoea tu. Ya katikati hayazoeleki.

Kila badiliko liwe moja, liandikwe, lipewe siku tatu au nne. Baada ya safari ya kwanza kaza tena kibano cha siti na bolti za stemu, kwani vyuma hukaa mahali pake vikishatikiswa. Na ganzi ikiendelea hata siku usizoendesha, au ukianza kudondosha vitu, au kufunga kifungo cha shati kukawa kazi, hilo linamhusu daktari, na baiskeli ipumzike mpaka akuone.